Ukuta wa Mwalimu wa la Tatu

Mara ya kwanza kuuona ule ukuta nilishika mdomo, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu kumbe kuna mtu ndani. Nilikuwa mwalimu mpya, nimeripoti asubuhi hiyo katika shule moja ya msingi huku Mkata, wilaya ya Handeni, na begi langu lilikuwa bado begani. Mwalimu mkuu alinipitisha darasa hadi darasa. Tulipoingia la tatu, nikakuta watu thelathini na kitu wamesimama ukutani wananitazama.

Walikuwa wahusika wa hadithi ambazo watoto walisoma na kusimuliana pale shuleni. Walichorwa kwa udongo mwekundu, masizi ya sufuria, chokaa na buluu ya kufulia. Kilichonishtua si wingi wao. Ni kwamba chifu mkatili, yule aliyeamuru watu wachapwe viboko kwa kosa la kukohoa mbele yake, alikuwa anajikuna mgongo kwa fimbo yake ya utawala, pale katikati pasipofikika kwa mkono, uso umemlegea kwa raha. Pembeni yake mama wa kambo aliyemnyima mtoto chakula alikuwa anaonja mchuzi kiganjani, macho kayafumba, ncha ya ulimi nje. Nilimchukia tangu utotoni mama huyo. Sasa nilimwona anapuliza mchuzi usimuunguze, nikajikuta nacheka, kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

"Nani kachora haya?" niliuliza.

"Mwalimu wa la tatu," alisema mwalimu mkuu, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha. "Utamzoea."

Nilifundisha naye miaka saba na sikumzoea. Alikuwa mwanamke mfupi, Mzigua wa hapahapa Handeni, mwenye kilemba kilichofungwa kwa haraka na viatu vya kufunika vilivyofutwa vumbi kila asubuhi. Walimu wengine walihamishwa madarasa. Yeye hakuna aliyethubutu kumwondoa la tatu. Hakuwa mcheshi. Hili ndilo lililowashangaza wageni kuliko vyote. Watu walikuja wakitegemea kukutana na mama mwenye vichekesho, wakakuta mtu anayesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu bila kuinua kichwa. Alipochora alikunja uso kama anayetoa mwiba mguuni. Watoto wakicheka nyuma yake, aligeuka na kuuliza, "Nini?" na kweli alitaka kujua.

Na mwenyewe hakupenda kuchekwa. Siku moja mwalimu wa hesabu alimwambia kwamba bada yake, ule ugali wa muhogo tunaoupenda huku, imekuwa laini kiasi cha kunywewa kwa mrija. Alinuna siku tatu. Siku ya nne alikuja na bada ngumu kama tofali, akaiweka mezani mbele ya yule mwalimu, akasema, "Haya, tafuna," akaondoka.

Nieleze kidogo namna alivyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani mchoro wa kuchekesha ni pua kubwa na tumbo la kutokeza. Hata mimi nilidhani hivyo. Yeye pua kubwa hakuzichora kabisa. Alisema pua kubwa hukuchekesha mara moja, ya pili unaanza kumhurumia mwenye pua.

Kwanza aliisoma hadithi darasani kwa sauti, mara mbili, siku mbili tofauti. Siku ya tatu alifunga kitabu, akauliza swali lilelile kila mara.

"Huyu chifu akibaki peke yake chumbani anafanya nini?"

"Analala, Mwalimu!"

"Kila mtu analala. Mwingine."

"Anakula nyama!"

"Ya nani? Mwingine."

Nilikuwepo siku ile, nimekaa nyuma kujifunza. Kabinti kamoja kembamba kalinyoosha kidole, kakasema polepole, "Anajikuna, Mwalimu."

"Wapi?"

"Pale pasipofikika."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa la tatu hakucheka. Alikwenda ukutani palepale, akafuta kichwa cha chifu alichokuwa amekianza vibaya, akaanza upya. Akatoka chifu yuleyule wa siku yangu ya kwanza. Alimchora tena kila mwaka kwa ajili ya watoto wapya, na kila mwaka aliwauliza kana kwamba hajui jibu.

Umeona alichokuwa anafanya? Mwandishi wa hadithi hakuandika popote kwamba chifu anawashwa. Lakini ukishaambiwa, unajua ni kweli, kwa sababu mtu anayeogopwa na kila mtu hana wa kumwomba amkune. Kicheko kilitoka mahali mwandishi alipopita bila kusimama. Jaribu mwenyewe, ni rahisi kuliko inavyoonekana: chukua mhusika yeyote unayemjua, mfungie chumbani peke yake, kisha chungulia. Wanafunzi wangu wa leo hufanya hivyo, na hata wale wasiojua kushika penseli huja na jambo.

Alikuwa na kanuni moja ambayo ilinichukua muda kuielewa. Mhusika mbaya alimpa kitu kimoja cha kuchekesha. Mwema alimpa viwili.

"Kwa nini mwema aonewe?" nilimuuliza.

"Binti, mtu mbaya watoto wanamwamini upesi," alisema. "Mwema hawamwamini. Lazima umsaidie."

Basi mjane mkarimu wa hadithi ya njaa alifunga vifungo vya blauzi vibaya, kimoja kikazidi juu, na kwapani alibeba kuku mwenye uso wa heshima kuliko wake. Na nikikuambia kwamba watoto walimpenda mjane yule kuliko wote, mpaka wakawa wanamgusa mkono wakipita kwenda nje na udongo wa kiganja chake ukafutika, utaniamini.

Wapo waliomlaumu. Mzee mmoja wa msikitini alikuja shuleni akamwambia kwa upole kwamba kuchora viumbe vyenye roho si jambo jema, na Mwalimu mwenyewe ni mtu wa swala tano. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Sheikh, hawa hawajawahi kuvuta pumzi," alisema. "Hawakuzaliwa. Wako kitabuni tu."

"Mbona huyu mwindaji mwenye gobole ni yule muuza mkaa wa barabarani?"

Hapo alirudi kwenye madaftari yake. Maana ilikuwa kweli. Na hili ndilo jambo ambalo lazima ulielewe vizuri, kwa sababu kila kilichotokea baadaye kilitoka hapo.

Miili ya wahusika aliitoa kwa watu anaowajua. Mwindaji shujaa aliyemuua chui alikuwa na sura ya muuza mkaa wetu, na katambuga zake, vile viatu vya matairi, amezishika mkononi zisichakae, huku yeye anakanyaga miiba peku. Siku ya mkutano wa wazazi muuza mkaa akaingia darasani. Sisi walimu tuliganda. Alisimama mbele ya mwindaji muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma.

"Nani kamchora huyu?"

"Mimi, bwana," alisema Mwalimu wa la tatu.

"Wewe mwanamke huna adabu hata kidogo. Gobole limekosa mkanda! Nitalibeba kwa meno?"

"Meno yenyewe unayo mangapi?"

Wazazi walicheka mpaka mkutano ukachelewa kuanza. Yule muuza mkaa alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, na kwetu binamu ni mtani. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote, kukuvua kofia, hata kukunyang'anya kipande cha nyama mbele za watu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Wajukuu ni watani wa babu na bibi zao, mashemeji wana utani wao, na yapo makabila mazima yenye utani, kama sisi Wazigua na Wanyamwezi wa Tabora, tangu enzi za misafara ya miguu. Mwalimu wa la tatu hakuwahi kumchora mtu asiye mtani wake. Ndiyo maana kila mgeni aliyefika shuleni alimuuliza jambo moja kabla ya maji ya kunywa: "Kwenu wapi?" Tulidhani ni umbea. Kumbe alikuwa anaomba ruhusa.

Mimi hakunichora. Mama yangu ni mtu wa Kwashemshi, baba wa Lutindi, huko upande wa Korogwe, na mahesabu yake ya ukoo hayakumpa njia ya kunifikia. Sitaficha, iliniuma kidogo.

Mwaka wangu wa saba pale, tuliletewa mratibu mpya wa elimu wa kata, yaani ofisa anayesimamia shule zote za kata. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye kofia ya kapelo, pengo mbele, na kalamu tatu mfuko wa kifua. Alikuja kusalimia.

"Kwenu wapi, Mratibu?" aliuliza Mwalimu wa la tatu.

"Tabora."

"Ewaa! Wamenileta mtani wangu! Leo kuku wote wafungiwe bandani."

Mratibu alitabasamu. Sisi tulicheka. Baadaye, nikilikumbuka tabasamu lile, nimejiuliza tulikuwa tunatazama nini. Mtani wa kweli angemjibu palepale, angemwambia kuku wenu wenyewe wamekonda. Huyu alitabasamu tu kama mgeni asiyejua kama ametaniwa au ametukanwa.

Muda si mrefu ukutani akatokea mhusika mpya. Ilikuwa hadithi ya mzee mlafi aliyehudhuria kila harusi na kila msiba kwa miguu, hata vijiji vya mbali, akiwa na kijiko chake mwenyewe mfukoni asije akasubiri. Mzee huyo sasa alikuwa mrefu, mwenye kapelo na pengo, na mfuko wa kifua ambapo, badala ya kalamu tatu, vilichungulia vijiko vitatu. Nilipomwona nilisema "Yesu wangu" kwa sauti. Alikuwa mchoro bora kuliko yote aliyowahi kuchora.

Mratibu alikuja kukagua wiki iliyofuata. Aliingia la tatu, akasalimiwa na darasa zima, akageuka ukutani. Watoto hawakuweza kujizuia, wakacheka. Mkono wake ulikwenda kifuani, ukazifunika kalamu. Kisha akatoka, akapita ofisini bila kusaini kitabu cha wageni.

Ni mwalimu mkuu aliyetuletea habari, jioni ya kesho yake, baada ya kuulizauliza. Baba wa Mratibu alikuwa mfanyakazi wa reli, alihamia Tabora kikazi tu. Kwao ni mbali sana na huko, ni watu wasio na utani na sisi hata chembe.

"Nenda ukamwombe radhi," alisema mwalimu mkuu.

"Nikamwombe radhi mtani?"

"Mwalimu, si mtani wako!"

Alikuwa amesimama. Alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakagonga ubao wa juu. Alitazama mkono wake wa kulia, wenye masizi kwenye kucha, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Nimemtukana mtu wa watu," alisema.

Siku tatu zikapita. Tukasubiri barua ya adhabu, haikuja. Ila Mratibu alionekana jioni moja akitoka shuleni, kofia mkononi, kichwa chini. Asubuhi ya pili yake mwalimu mkuu alinisimamisha kabla sijaweka begi.

"Ukuta wa la tatu unapakwa chokaa leo. Wewe ndiye kijana, utapanda meza."

"Wote?"

"Wote."

"Nani kasema?"

"Imeagizwa," alisema, na hakunitazama.

Nani angeagiza, kama si yule? Nilibwaga begi mezani. Nikaingia la tatu nikiwa nimejiandaa kumkuta Mwalimu analia. Nilimkuta amechuchumaa kando ya ndoo, mikono ya gauni imekunjwa, anakoroga chokaa.

"Chumvi," aliniambia. "Nipe hiyo chumvi. Usipoweka chumvi inabanduka."

"Mwalimu, tukatae. Tuandike barua. Wazazi watasaini, hata yule binamu yako—"

"Panda meza, mwanangu. Anzia juu."

Nilipanda. Nilimpaka chifu na mkuno wake, nikampaka mama wa kambo na mchuzi wake. Nilipofika kwa mjane, brashi iliniponyoka, Mwalimu akaiokota, akanirudishia. Tulipomaliza ukuta ulikuwa mweupe wote, na darasa lilionekana dogo. Nilitoka nje kunawa mikono, nikanawa muda mrefu, sikuweza kugeuka kumtazama mtu.

Baada ya hapo sikuweza kuzungumza naye vizuri. Kila nilipofungua mdomo niliona brashi. Mwisho wa mwaka alistaafu, akahamia Korogwe kwa mdogo wake. Mratibu naye alihamishwa wilaya nyingine. Na mimi, kwa miaka minane, nimemsema mtu yule. Nimemsema kwenye semina na kwenye vikao vya walimu. Walimu wapya wakiuliza kwa nini darasa lile tu lina ukuta mnene wa chokaa, niliwasimulia habari za ofisa aliyeshindwa kucheka, akaua watu thelathini na kitu kwa sababu ya mmoja. Niliisimulia vizuri. Watu walitikisa vichwa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, nikapanda basi la asubuhi kutoka Mkata, nikapita Segera, nikafika Korogwe kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimeamua kumwomba Mwalimu wa la tatu msamaha kwa kushika ile brashi. Sikutaka afe, au nife mimi, kabla sijauomba.

Nilimkuta barazani anapeta mchele. Amepungua mwili, kilemba kimefungwa kwa haraka ileile.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa."

Nikakaa, nikakataa chai, nikasema yote kwa pumzi moja: brashi, meza, aibu, na jinsi nilivyomchukia Mratibu kwa alichoamuru. Aliacha kupeta.

"Nani alikuambia Mratibu ameamuru?"

"Si ilijulikana, Mwalimu?"

"Na nani?"

Aliweka ungo chini.

"Alikuja kwangu darasani jioni, peke yake," alisema. "Akavua kofia. Akaniambia, Mwalimu, sikuja kama mratibu, nimekuja kama mzazi. Alikuwa na binti yake la nne, unamkumbuka? Mrefu kama baba yake. Wenzake walikuwa wanamuuliza kila siku kwenye uji, umekuja na kijiko? Umemletea baba? Mtoto akaacha kunywa uji. Anakaa nyuma ya choo mpaka kengele ilie. Yule bwana alikuwa anatetemeka midomo. Akaniomba nimfute yule mmoja tu. Wengine wabaki, akasema, ni wazuri."

Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya uji mwezi ule.

"Kwa hiyo... nani aliyesema wote?"

"Mimi. Nilimwambia mwalimu mkuu, na nikamkataza kusema."

"Mwalimu! Kwa nini?"

Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyejibu haraka.

"Fikiri. Namfuta mmoja. Ukuta mzima watu, na katikati pana doa jeupe, refu, lenye kofia. Kila mtoto akipita anajua ni la nani. Lile doa lingemcheka yule binti kuliko mchoro. Mchoro unazeeka. Doa lingekaa mpaka amalize la saba."

Nilifikiria semina zote zile, na vichwa vilivyotikisika.

"Lakini wale wengine," nilisema mwishowe. "Chifu, mjane. Kazi ya miaka yote ile."

"Wale walikuwa watani wangu," alisema, akauvuta ungo. "Mtani haombwi radhi."

"Na Mratibu alijua?"

"Ajue ili iweje?"

Alianza kupeta tena, pumba zikaruka barazani. Nikamuuliza lile lililobaki, kwa sauti ndogo: yule binti, je?

"Siku ileile," alisema. "Alipita mlangoni, akauona ukuta, akaenda kwenye foleni ya uji. Alikunywa vikombe viwili. Wewe ulikuwa bombani unanawa, umetupa mgongo."